Uzi: Fizikia na kemia ya bomba na gesi kwa fundi wa Mwanza

#1 GejiSifuri (mwenye uzi)

Mwangaluka wakuu. Tangu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziambiwe ziachane na kuni na mkaa, kazi za gesi za majiko ya shule zimekuwa nyingi, na mafundi wengi wa maji wamehamia huko. Spana ni zile zile, ila gesi ina sheria zake. Naanza na kinacholeta ugomvi mwingi kati ya fundi na msimamizi: geji (kipimo cha presha) imeshuka, je, bomba linavuja?

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayotukandamiza hapa ni kama kPa (kilopaskali) 88.5, wakati vitabu vingi vimepigiwa hesabu ya pwani, kPa 101.3. Geji haioni tofauti hiyo, inasoma sifuri Kirumba kama inavyosoma sifuri Kariakoo. Gesi iliyofungwa ndani ya bomba ndiyo inayoiona. Kwa hiyo kila hesabu ya gesi chukua presha kamili, yaani ya geji ukijumlisha bar 0.885 (kPa 100 ni bar 1, na bar 1 ni mbar 1,000), na halijoto ujumlishe 273.

Chukua bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) lililo ukutani upande wa jua. Saa saba mchana chuma kina digrii 45, umejaza hewa hadi bar 1 ya geji. Presha kamili ni 1.885. Jioni bomba limepoa hadi 25. Zidisha 1.885 kwa 298, gawa kwa 318, unapata kama 1.77. Toa 0.885, geji itasoma 0.88. Bar 0.12 imepotea na hakuna hata tundu la sindano.

Kwenye laini ya presha ndogo hali ni mbaya zaidi. Bomba lililofungwa kwenye mbar 30, likipoa digrii 1 tu, linapoteza kama mbar 3. Kwenye manomita ya maji (kipimo cha presha ndogo, nakieleza chini) hiyo ni sentimita 3. Ukilishika bomba kwa kiganja utaona maji yanapanda.

Kwa hiyo test inafanywa hivi. Toa regyuleta (kifaa kinachoshusha presha ya gesi) na majiko yote kwanza, kwa sababu kiwambo cha regyuleta na koki za jiko hazikutengenezwa kubeba bar 1. Ziba ncha kwa plagi za chuma; plagi ya plastiki ya dukani ni ya kuzuia vumbi tu. Jaza hewa ya kompresa au nitrojeni polepole, funga, subiri dakika 15 halijoto itulie ndipo uandike namba. Andika na halijoto ya bomba. Fanya alfajiri kabla ya jua au jioni kivulini. Kila kiungo pitisha povu la sabuni kwa brashi, hata kama geji haijashuka, maana geji ya bar 10 haiwezi kukuonyesha kupotea kwa mbar 5.

Manomita haina gharama: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliokunjwa mfano wa herufi U, maji yenye rangi kidogo, na rula. Mbar 1 ni milimita 10.2 za maji. Kosa la kila siku ni kusoma mguu mmoja. Unapima tofauti kati ya miguu miwili: mbar 30 ni milimita 306, yaani upande mmoja umepanda 153 na mwingine umeshuka 153.

#2 SpanaMbili

Mkuu umetema madini. Swali: saiti nyingi mchomeleaji yupo na mtungi wake wa oksijeni, kompresa hakuna. Tukijazia hiyo?

#3 Mkemia wa Kirumba

Usithubutu, na wala usiulize mara mbili. Bomba lililokatwa uzi wa kufungia viungo lina mafuta ya kukatia ndani yake. Oksijeni ikifunguliwa ghafla inajibana kwenye ncha iliyofungwa, kule mwisho joto linapanda mara moja, na mafuta ambayo kwenye hewa ya kawaida yangekaa kimya yanawaka humo ndani.

Hata ikipita salama, tatizo la pili linabaki. Propani kwenye hewa inawaka ikiwa kati ya asilimia 2.1 na 9.5. Chini ya hapo ni nyembamba mno, juu ya hapo inakosa oksijeni. Kwenye oksijeni tupu mpaka wa juu unaruka kupita asilimia 50. Ukiingiza gesi kwenye bomba ambalo bado lina oksijeni, umetengeneza bomu refu la nusu inchi, na safari hii halihitaji hewa ya nje.

Kwa kuwa mchomeleaji ametajwa: asetilini haipiti kwenye bomba la shaba. Inatengeneza asetilaidi ya shaba, chumvi inayolipuka ikiguswa au ikikauka. Na asetilini ya kwenye mpira haivushwi bar 1 ya geji, kwa sababu inaweza kujivunja yenyewe bila oksijeni yoyote. Ndiyo maana ndani ya mtungi wake imeyeyushwa kwenye asetoni iliyonyonywa na kitu chenye vinyweleo, na mtungi huo haulazwi.

#4 Jiko la Buhongwa

Wakuu naomba msaada. Jiko la shule, plet (vichomeo) tatu kubwa, mtungi mmoja wa kilo 38. Asubuhi moto safi, ikifika saa nne moto unalegea na mtungi unatoa jasho, chini umekuwa baridi kama barafu. Muuzaji kabadilisha mtungi, hali ni ile ile. Regyuleta mbovu?

#5 GejiSifuri

Regyuleta ni nzima. Mtungi wako umechoka kuchemka.

Ndani ya mtungi kuna kimiminika kinachochemka. Propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani kwenye nusu digrii chini ya sifuri (kwa presha ya pwani; hapa kwetu ni chini kidogo zaidi). Ili kilo 1 igeuke mvuke inahitaji kama kilojuli 360 za joto fiche, na joto hilo linatoka kwenye hewa kupitia ubavu wa mtungi, sehemu ile tu iliyoguswa na kimiminika.

Tuseme kila plet ni kilowati 15. Jumla 45. Kilo moja ya gesi inatoa karibu kilowati-saa 12.8, kwa hiyo unakula kilo 3.5 kwa saa. Mtungi unatakiwa uingize wati 350 za joto mfululizo. Ukiwa umejaa, kimiminika na chuma vinaweza kukopesha joto lao: hata hewa isiposaidia chochote, mtungi ungepoa kama digrii 11 kwa saa. Ukibaki robo, kimiminika ni kidogo na eneo linaloguswa limepungua, na hesabu hiyo hiyo inakuwa digrii 31 kwa saa. Ndiyo saa nne yako hiyo.

Kuna jambo jingine. Gesi yetu ni mchanganyiko. Kwenye digrii 25 propani tupu ina presha ya geji kama bar 8.6, butani tupu kama bar 1.5. Propani inatangulia kutoka, inayobaki mwishoni ina butani nyingi zaidi. Kwa hiyo mtungi unaokaribia kuisha una presha ndogo hata usipopoa.

Dawa: mitungi minne kwenye manifoldi (bomba linaloiunganisha), yote ikitoa pamoja, si mmoja mmoja kwa zamu. Regyuleta ya kwanza nje kwenye mitungi, ishushe hadi bar 1 hivi, ya pili karibu na majiko ishushe hadi presha iliyoandikwa kwenye bamba la jiko. Bomba la kati linakuwa jembamba bila shida kwa sababu gesi iliyobanwa inachukua nafasi ndogo.

Mambo ya kukataza wapishi: kumwagia mtungi maji ya moto, kuuweka karibu na jiko, na kuulaza. Ukiulaza, kimiminika kinaingia kwenye regyuleta, na lita 1 ya kimiminika inakuwa lita 250 hadi 300 za gesi. Plet inageuka mwenge.

Jasho lina faida moja: mstari wake unakuonyesha kimiminika kimefika wapi.

#6 SpanaMbili

Na kwa nini mtungi haujazwi mpaka juu? Wateja wanadhani wanapunjwa.

#7 Mkemia wa Kirumba

Kwa sababu kimiminika cha propani kinatanuka karibu asilimia 0.3 kwa kila digrii. Kutoka 20 hadi 50, mtungi uliosahaulika juani, ni asilimia 9 au zaidi. Kikikosa nafasi ya mvuke juu yake hakibanwi kirahisi kama gesi, kinasukuma chuma. Ndiyo maana kinaishia karibu asilimia 80 ya ujazo. Mteja apime kilo kwenye mizani, akitoa uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa juu yake. Kutikisa hakupimi kitu.

#8 Dada Yunioni

Naongezea upande wa usalama kwa sababu naona mabomba ya gesi yanapitishwa kama ya maji.

Mvuke wa propani ni mzito kuliko hewa mara 1.5, butani mara 2. Inatambaa sakafuni, inaingia kwenye chemba za maji taka, mifereji, mashimo ya nyaya. Dirisha la juu halikusaidii. Tundu la hewa linawekwa usawa wa sakafu, na mitungi inakaa nje, wima, mbali na mfereji na mlango. Kule vilimani ambako jiko la mmoja liko juu ya paa la mwingine, gesi inayovuja juu inashuka na mteremko kwa jirani wa chini.

Angalia kiasi chenyewe. Jiko la mita 3 kwa 3: gesi ikikaa kwenye tabaka la sentimita 30 za chini, hiyo ni mita za ujazo 2.7. Asilimia 2.1 yake ni kama lita 57 za propani, ambazo kwa hewa ya Mwanza zina uzito wa takriban gramu 90. Mtungi wa kilo 15 hautaonyesha hata kwenye mizani ya duka kwamba umepungua. Friji ikiwaka pale sakafuni, cheche ya swichi yake inatosha.

Harufu ni ya merkaptani iliyochanganywa makusudi, gesi yenyewe hainuki. Kwenye bomba jipya la chuma, hasa lenye kutu ndani, harufu inaweza kunyonywa siku za mwanzo. Kwa hiyo usiseme "sijasikia harufu" siku ya makabidhiano. Sabuni.

Ikinuka: funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi hata ya kuzima, toa watu, fagia hewa ya chini itoke nje.

Na mpira wa gesi usiwe ule wa bustani. Propani na butani zinapenya kwenye mpira wa kawaida na kuulainisha, unavimba kisha unapasuka kwenye klipu. Nunua ulioandikwa LPG (gesi ya mitungi), na ukague tarehe. Katani kavu kwenye uzi wa gesi nayo naiweka pembeni: kwenye maji inavimba na kuziba, kwenye gesi kavu inasinyaa. Tumia tepu nene ya gesi au dawa ya uzi iliyoandikwa gesi.

#9 Jiko la Buhongwa

Nashukuru sana dada, na mkuu GejiSifuri. Moja la mwisho: fundi alinishauri achimbe jeti (vitundu vinavyotoa gesi kwenye plet) ziwe kubwa kwa sababu "huku juu hewa ni nyepesi".

#10 GejiSifuri

Aache drili yake. Ni kweli hewa ni nyepesi, lakini amegeuza hesabu. Kwa presha ile ile ya geji, gesi inayopita kwenye jeti hapa inapungua uzito kwa kama asilimia 6, wakati oksijeni iliyomo kwenye kila lita ya hewa imepungua karibu asilimia 13. Akiongeza gesi anaongeza njaa ya oksijeni.

Propani moja inataka oksijeni tano: C3H8 na 5O2 zinatoa 3CO2 na 4H2O. Kwa hewa, mita 1 ya ujazo ya propani inahitaji karibu 24. Ikikosa, moto unakuwa wa njano, masizi kwenye sufuria, na kaboni monoksidi ambayo haina harufu wala rangi na inashika damu kuliko oksijeni. Kwenye bafu lenye hita ya gesi isiyo na bomba la moshi, hiyo inaua mtu akiwa anaoga. Moto wa njano: safisha jeti kwa hewa, fungua shata ya hewa, pima presha kwa manomita jiko likiwa linawaka. Namba uliyopima jiko likiwa limezimwa haikwambii kitu.

Huku juu maji yanachemka kwenye digrii 96 hivi, kwa hiyo maharage ya shule yanachelewa hata moto ukiwa mzuri kabisa. Kufungulia gesi zaidi kwenye sufuria inayochemka hakuongezi digrii hata moja. Kifuniko ndiyo msaada, kinazuia joto lisitoroke na mvuke.

#11 BombaJiweni

Turudi kwenye maji kidogo, maana Mwanza ya mawe ina yake. Mabatini, Igogo, Isamilo, huchimbi mtaro kwenye jabali. Watu wanalaza HDPE nyeusi (bomba la plastiki ya polietilini, PE) juu ya jiwe. Tatizo nililonalo: viungo vya kubana vinachomoka saa nane mchana, usiku vinakaa.

#12 Dada Yunioni

Fundi, hapo kuna vitu vitatu vinakupiga kwa pamoja.

HDPE inatanuka kama milimita 0.2 kwa kila mita kwa kila digrii. Mita 50 zikipanda digrii 25 zinarefuka sentimita 25. Usiku zinarudi. Ukilivuta bomba likanyooka kama kamba ya nguo na kulifunga mchana, usiku linajivuta lenyewe kutoka kwenye kiungo. Ukilifunga usiku, mchana linakunja shingo kwenye elbo. Lilaze likiwa na mawimbi, lifunge kwenye jiwe kwa klipu zinazoliacha liteleze, na ulibane imara pale kwenye kiungo tu.

Pili, namba ya PN iliyoandikwa (bar ambazo bomba limepewa kubeba) ni ya digrii 20. Kwenye digrii 40 PE inabaki na kama asilimia 74 ya nguvu yake. PN10 yako imekuwa bar 7.4, na juu ya jiwe la Mwanza lenye jua digrii 40 ni kidogo.

Tatu, kilima chenyewe. Kila mita 10 za kimo ni karibu bar 1. Tenki likiwa mita 70 juu, chini kuna bar 7 maji yakiwa yamesimama, na maji husimama usiku au wote wanapofunga. Mchana wateja wanapotumia geji inasoma 3 unajidanganya. Weka valvu ya kupunguza presha au tenki dogo la kati lenye boya kila mita 40 hadi 50 za mteremko.

Kisha kishindo cha maji. Koki ya robo mzunguko ikifungwa kwa nguvu kwenye GI yenye maji yanayokimbia mita 2 kwa sekunde, presha inaruka kama bar 26 juu ya ile iliyokuwepo, kwa sababu wimbi linasafiri kama mita 1,300 kwa sekunde kwenye chuma. Kwenye HDPE wimbi ni kama mita 300, kishindo ni bar 6. Kwa bomba la GI la mita 100 wimbi linakwenda na kurudi kwa sekunde 0.15, hivyo kufunga kwa haraka kuliko hapo ni kupiga nyundo kamili. Kwenye laini ndefu weka getivalvu na ufunge taratibu.

#13 SpanaMbili

Pampu za bustani ufukweni Ilemela, nyingine zinapiga kelele kama zinatafuna kokoto. Pampu imewekwa juu ya ukingo, mita 8 kutoka maji. Kijitabu kinasema inavuta 8.

#14 GejiSifuri

Kijitabu kimeandikwa pwani, tena kwa maji baridi. Pampu haivuti maji. Inaondoa hewa, na hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji yapande. Kwa kPa 88.5 kimo cha juu kabisa ni mita 9 hivi. Toa mita 0.3 za mvuke wa maji ya digrii 25, toa msuguano wa bomba na valvu ya chini, toa kile pampu inachohitaji kwenye mdomo wake. Unabaki na 6, ukiwa na bahati 6.5. Kwenye 8 maji yanachemka ndani ya pampu yakiwa baridi, viputo vinapasukia kwenye mapanga na kuyachimba. Ishushe pampu hadi mita 4 au 5 kutoka maji, bomba la kuvuta liwe pana kuliko la kusukuma, na lipande mfululizo bila mgongo unaoshika hewa. Kusukuma kwenda juu haina kikomo hicho.

#15 BombaJiweni

Hita ya umeme ya lita 100, valvu ya usalama inadondosha maji kila siku. Mwenye nyumba anataka niizibe.

#16 Mkemia wa Kirumba

Kutoka digrii 25 hadi 65 maji lita 100 yanaongezeka lita 1.7. Kama kuna valvu ya kuzuia kurudi kwenye maji baridi, hiyo lita 1.7 haina pa kwenda isipokuwa pale. Kudondosha wakati wa kupasha ni kazi yake. Kudondosha mchana kutwa hita ikiwa imezimwa ndiyo ubovu, au presha ya mtaa imezidi.

Ukiiziba na thermostati ikakwama, maji yanafika digrii 150 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa. Tenki likipasuka, karibu sehemu 1 ya 10 inageuka mvuke papo hapo: kilo 10, na kila kilo hapa kwetu inachukua mita za ujazo 1.9. Mita za ujazo 19 ndani ya chumba cha hita. Mwekee mwenye nyumba bomba la kupeleka matone nje, lisilo na koki, litazame chini.

Ukiwa hapo, fungua uangalie anodi ya magnesiamu. Inaliwa ili chuma kisiliwe. Ikibaki waya tu, tenki ndilo linalofuata. Na maji ya ziwa ni laini, yana kalsiamu kidogo, kwa hiyo hayaachi ile ngozi ya chokaa ndani ya bomba ambayo ingelinda chuma. Wenye visima hita zao zinaziba kwa magamba, wa maji ya ziwa chuma chao kinaliwa. Usianze na shaba kisha ukamalizia na GI kwenye njia ya maji: chembe za shaba zilizoyeyuka zinasafiri, zinatua kwenye zinki na kuchimba vishimo. GI kwanza, kisha shaba, na katikati kipande cha plastiki.

#17 BombaJiweni

Baada ya hita naunga PPR (bomba la plastiki linaloyeyushwa ncha kwa mashine ndipo liungwe). Mashine digrii 260, sekunde ngapi?

#18 Dada Yunioni

Bomba la milimita 20 sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Unganisha ndani ya sekunde 4 kwa 20 na 25, usizungushe, shikilia, kisha liache dakika 2 bila kuguswa (la 32 dakika 4). Ukizidisha joto, pete ya plastiki inajikunja ndani na kubana njia, na PPR ya 20 ya PN20 ina tundu la milimita 13.2 tu tangu mwanzo. Ile ya 25 ina 16.6 na kwa presha ile ile inapitisha maji karibu mara 1.8. Kama hita inalishwa na tenki lililo mita 3 tu juu ya bomba la kuogea, hiyo ni bar 0.3, tumia 25 mpaka mlangoni kwa bafu. Na PPR inatanuka milimita 0.15 kwa mita kwa digrii: mita 10 za maji ya moto zikipanda digrii 40 ni sentimita 6, usizifukie kwenye lipu bila kuzivisha sponji.